Nimefuta Sauti ya Babu, na Bibi Yumo Edani

Mpendwa Bi Tabia,

Shikamoo. Natumai u mzima, na nakuomba radhi kwa urefu wa barua hii, maana nimeianza mara tatu na mara zote tatu nimeichana, na hii ya nne nimeamua kuiandika mpaka mwisho bila ya kuisoma, kwa sababu nikiisoma nitaichana tena. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma Kidato cha Tatu, nakaa Ng'ambo na mama yangu, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumatatu ya wiki ijayo, kwa sababu Jumatatu ikishapita sijui kama kutakuwa na kitu cha kusaidiwa.

Mama yangu ni mtu wa Makunduchi, na wazee wake, Babu Machano na Bi Mwatum, wamekaa huko maisha yao yote. Mwaka jana mwalimu wetu wa kompyuta, ambaye nitamwita Mwalimu Haitham, alituambia kila mwanafunzi wa klabu atafute mzee mmoja wa kurekodiwa, ili skuli iwe na hazina ya sauti za wazee, na mimi nikasema ninaye babu anayezungumza Kikae, yaani Kimakunduchi chenyewe, kile ambacho sisi watoto wa mjini tukikisikia tunacheka kwanza ndipo tunauliza maana. Mwalimu alifurahi sana. Alikuja Makunduchi mwenyewe na kinasa sauti cha skuli, akakaa na Babu barazani siku mbili nzima. Babu alitaja mimea ya maweni na dawa zake, akaeleza walivyokuwa wakifukia makumbi ya nazi pwani ili wapate usumba wa kamba na jinsi ya kujua kwa harufu kwamba yameiva, na katika vipande vitatu alieleza harusi yake, na hapo Bibi aliyekuwa ndani akichambua mchele alishindwa kuvumilia, akapaza sauti, "Muongo huyo! Mvua ilinyesha siku ya pili, si siku ya kwanza!" Babu akacheka mpaka akakohoa, akamwambia Mwalimu, "Unamsikia? Miaka hamsini na sita ananisahihisha, na bado sijapasi." Hayo yote yalirekodiwa, kicheko na kikohozi na ungo wa Bibi ukipepeta.

Babu alifariki miezi mitatu na wiki tatu iliyopita, Mungu amrehemu, na Bibi yumo edani. Siku ya hitima ya arubaini nilimwambia kwamba sauti ya Babu tunayo, na nilifikiri ataniambia niiwashe palepale, lakini alinyoosha leso yake magotini, kisha akasema, "Usiniwashie sasa, mwanangu, sasa hivi itanipasua. Niwekee. Siku nitakayotoka eda, siku ileile, ndiyo nitaisikia. Nataka pale nilipomkatiza." Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala hupiga simu kwa mama, na akimaliza kuzungumza naye huomba anipate mimi. Hasemi mengi. Huuliza, "Ipo?" Nami hujibu, "Ipo, Bibi." Naye husema, "Haya. Basi," akakata. Eda yake inamalizika baada ya siku kumi na tisa, nikihesabu kuanzia leo.

Bi Tabia, haipo. Nimeifuta kwa mkono wangu.

Kompyuta za skuli yetu ni kuukuu, ziko kumi na moja na vipanya vinavyofanya kazi ni viwili, kwa hiyo Mwalimu Haitham alitufundisha kutumia lile dirisha jeusi la kuandika amri, na husema, "Anayesubiri kipanya atasubiri mpaka mtihani wa taifa upite." Tulijifunza amri ya kuorodhesha, ya kunakili, ya kuhamisha, na ya kufuta, ambayo ni herufi mbili tu, r na m, na kialama cha kuongeza ikiwa unafuta folda nzima, na Mwalimu alituonya mara nyingi kwamba amri hiyo haiulizi una hakika, na kilichofutwa nayo hakiendi kwenye pipa la taka, kinakwenda moja kwa moja. Na alitufundisha jambo jingine, nalo nilikuwa nalijua, naliandika kwenye daftari, hata mtihani wake nilipata. Alisema kwamba katika dirisha lile kompyuta hutenganisha mambo kwa nafasi tupu, kwa hiyo ukitaja folda yenye jina la maneno mawili bila ya kulizungushia alama za mtajo, yenyewe huelewa kwamba umetaja folda mbili. Ndiyo maana yeye majina yake yote huwa ni neno moja. Sauti za Babu, vipande ishirini na saba, alizitia kwenye flashi ya skuli katika folda aliyoiita Machano. Basi. Machano.

Mimi hilo lilinishinda. Mzee wa miaka themanini na mbili kumwandika Machano, kama mtoto anayeitwa kutumwa dukani, nilihisi kama nimemuita kwa jina mbele za watu bila ya kumuamkia. Sisi nyumbani hatukulelewa hivyo, hata kwenye orodha ya vitu vya kununua mama huandika "dawa ya Bi Mwatum" na haandiki "dawa ya Mwatum". Kwa hiyo nilipovinakili vile vipande vitatu ambavyo Bibi naye anasikika, kwa ajili ya kazi yangu ya darasani, nilitengeneza folda yangu humohumo kwenye flashi, kando ya ile ya Mwalimu, nikaipa jina la heshima kamili: Bi Mwatum na Babu Machano. Mwalimu alipoliona alitikisa kichwa. "Yusra, jina refu hilo, lina nafasi nne. Siku moja litakutia matatani." Mimi nikamjibu, "Nitakuwa mwangalifu, Mwalimu." Nilijibu vizuri, sikumvunjia heshima, na sikumsikiliza.

Wiki mbili zilizopita flashi ilijaa. Mimi ndiye katibu wa klabu na flashi huwa naitunza mimi, na Mwalimu akaniambia, "Futa nakala yako, vyote si vimo ndani ya Machano?" Ilikuwa saa saba, darasa linataka kufungwa, na wenzangu wamesimama mlangoni wananisubiri, mmoja ananiambia, "We Yusra, kompyuta hiyo utaolewa nayo?" Nikaandika amri ya kufuta, nikaandika Bi Mwatum na Babu Machano, bila ya alama za mtajo, nikabonyeza. Kompyuta ikalalamika. Mstari wa kwanza ikasema hakuna kitu kinachoitwa Bi. Wa pili ikasema hakuna Mwatum. Wa tatu ikasema hakuna na. Wa nne ikasema hakuna Babu. Kisha ikanyamaza. Mimi nikadhani imekataa amri yote, kumbe ilikataa maneno manne tu, na neno la tano lilikuwa na folda yake hasa, na kompyuta ikitii huwa haisemi kitu.

Sikuelewa. Nilichokiona ni kwamba folda yangu bado ipo, nikaona haya, nikajiambia, "Ah, nimesahau alama za mtajo," nikaandika upya kwa alama zake kama nilivyofundishwa, nikabonyeza, na safari hii haikulalamika hata mara moja. Bi Tabia, mara ya kwanza nilikosea nikafuta ya Mwalimu, na mara ya pili nilipatia nikafuta yangu. Nikaorodhesha ili nihakikishe nimesafisha vizuri. Kulikuwa na folda za wenzangu tu. Nikaorodhesha tena. Nikaandika Machano nikabonyeza, kompyuta ikaniambia hakuna kitu kama hicho, kwa maneno yaleyale iliyoyasema juu ya Bi na Babu.

Nilichomoa flashi nikaitia mfukoni. Tangu siku ile imo ndani ya kijaluba cha udi, chini ya nguo zangu za skuli, na sijaigusa. Mwalimu huniuliza, "Yusra, flashi?" Namwambia nimeisahau nyumbani. Juzi aliniambia, "Wiki mbili umeisahau? Basi umeisahau vizuri." Watu wakacheka na mimi nikacheka nao, na kucheka kule kulinichosha kuliko kulia. Jumatatu ijayo anaitaka bila ya udhuru, kwa sababu kazi za Kidato cha Pili zinatakiwa ziwekwe humo.

Na Bibi ameshaniuliza Ijumaa mbili tangu nifute. "Ipo?" "Ipo, Bibi."

Sasa kuna jambo ambalo naona haya zaidi kulisema. Ninaye ndugu, mtoto wa mama yangu mkubwa, nitamwita Kheir, mtu mzima, fundi wa pikipiki huko Mtoni. Tangu utoto wake anajua kumuiga Babu. Katika harusi zetu wote humwambia afanye, na Babu mwenyewe alikuwa akimwambia, "Hebu nizungumze nijisikie." Nilimwendea nikamwambia kila kitu. Aliweka spana chini akanitazama. "Mwanangu we," akasema, "umefuta mtu." Kisha aliponiona nalia akafuta mikono yake, akasema, "Basi nyamaza. Nipe hayo maneno ya harusi, nitayasema mimi. Nikikohoa kile kikohozi chake, Bibi mwenyewe ataniambia nivae koti." Akajaribu palepale, akajirekodi kwenye simu yake, dakika mbili. Tulipoisikiliza hatukucheka. Ilifanana mno. Kheir akazima simu akasema tu, "Weye ndiye utakayeamua. Mie sijui."

Kwa hiyo nakuuliza, Bi Tabia. Je, nimpe Bibi sauti ya Kheir, naye atoke eda akiwa na furaha, na asijue maisha yake yote? Au nimwambie ukweli, na yeye amekaa miezi yote hii akisubiri kitu kimoja tu? Nimechoka. Nikiwa darasani nahesabu siku, nikiwa kwenye sala nahesabu siku. Najua nimefundishwa kusema kweli, lakini sijafundishwa jinsi ya kuisema kwa mtu aliyekaa ndani peke yake akikuamini.

Jina langu na la Mwalimu na la Kheir nimeshayabadilisha mwenyewe. La Bibi na la Babu naomba uyaache kama yalivyo. La Babu limeshafutwa mara moja, sitaki lifutwe tena.

Ni mimi, niliyejiita Yusra,
Ng'ambo, Unguja.


BI TABIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinifikia Jumanne, na nimeisoma mara mbili. Wiki hii nimesoma barua za waume wanaoficha wake, wake wanaoficha simu, na mtu mmoja anayemficha mbuzi wa jirani yake, na nilikuwa nimechoka kama wewe. Yako imenichosha kwa namna nyingine, kwa sababu wote hao wanataka niwape njia ya kuendelea kuficha, na wewe peke yako ndiye uliyeniomba nikuvue mzigo. Nitakuvua. Kwanza lakini nitakugombeza, uvumilie.

Kufuta kulichukua muda wa kupepesa jicho, na mtoto yeyote aliyesimamiwa mlangoni na wenzake saa saba mchana angeweza kufanya vile. Kwa hilo sikulaumu hata chembe. Nakulaumu kwa wiki mbili zilizofuata. Ulipoona folda haipo ulikuwa na mwalimu hatua kumi kutoka pale, mtu aliyejua kompyuta, aliyejua zile sauti, aliyekwenda mwenyewe kukaa kwenye baraza ya babu yako siku mbili. Ukamkimbia. Umemwambia nani badala yake? Fundi wa pikipiki. Mwanangu, ukivunjika mguu utakwenda kwa kinyozi?

Sasa sikiliza, maana yapo usiyoyajua. Mimi kompyuta naijua kwa kuandikia barua hizi tu, kwa hiyo nilimchukulia barua yako Bi Nadra, fundi wa kompyuta ninayemwamini, bila ya kumwambia wewe ni nani. Alisoma mpaka pale kompyuta ilipolalamika mara nne kisha ikanyamaza, akaweka mkono kichwani. "Masikini," akasema, "kanyamaziwa." Nikamuuliza kama ni balaa kubwa. Akaniambia, "Bi Tabia, mimi hapa na ufundi wangu nilishafuta picha za harusi ya shoga yangu kwa kosa hilohilo, nafasi moja tu katikati ya jina. Kila anayetumia dirisha lile ana siku yake. Muulize huyo mtoto jambo moja: baada ya kufuta, ameandika kitu chochote kwenye ile flashi?" Nikamwambia imo ndani ya kijaluba cha udi. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi woga wake umemfanyia kazi nzuri kuliko akili yake."

Maana yake ni hii. Kompyuta inapofuta faili kwenye flashi, aghalabu haikwangui kilichomo. Hufuta jina lake kwenye orodha na kutangaza kwamba pale pana nafasi ya kukaliwa na kitu kingine. Sauti yenyewe huweza kubaki palepale, haina jina tu, mpaka kije kitu kipya kikae juu yake. Ziko programu za kuitafuta na kuirudisha. Lakini Jumatatu mwalimu wako akiweka kazi za Kidato cha Pili humo, hizo kazi zitakaa juu ya babu yako. Umeelewa sasa kwa nini huna muda wa kuchana barua nyingine?

Kwa hiyo flashi hiyo usiichomeke popote, wala usijaribu kuirekebisha mwenyewe kwa jambo ulilolisikia kwa mtu. Leo hiihii, asubuhi, mtafute Mwalimu Haitham, nenda na mama yako kama unaogopa, umuamkie, umpe flashi mkononi, na umwambie maneno haya kabla hajauliza kitu: "Mwalimu, nilifuta folda ya Machano kwa makosa, sijaandika kitu tena juu yake, naomba asiandike mtu yeyote." Usimweleze kwanza habari za Bibi wala eda ili akuonee huruma. Huruma itakuja yenyewe. Akitaka kuzirudisha sauti, Bi Nadra anasema kitakachopatikana kihifadhiwe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye flashi ileile. Na muulize swali ambalo wiki mbili hujaliuliza kwa sababu ya kumkimbia: kile kinasa sauti cha skuli, alikifuta baada ya kunakili? Hukuniandikia jibu la hilo. Hujui. Huenda mateso yako yote haya yamo kwenye droo ya mwalimu, yamelala salama. Huenda hayamo. Mimi sikuahidi, na Bi Nadra hakuniahidi. Yeye amesema huenda zikarudi zote, huenda zikarudi nusu, huenda zikarudi zimekwaruzika, na huenda isirudi hata moja. Jiandae kwa yote manne.

Nikija kwa Kheir. Ni kijana mwema, ana moyo laini, na mwambie nimesema hivyo. Kisha mwambie aifute ile sauti aliyojirekodi, na hiyo ndiyo kazi pekee ya kufuta ninayokuruhusu uisimamie mwezi huu. Bi Mwatum amelala na kuamka na kikohozi kile miaka hamsini na sita. Alijua kikohozi cha vumbi, cha kicheko, na cha kutaka chai. Unafikiri hatajua? Atajua kabla ya neno la pili, na itakuwa siku aliyotoka eda, amekoga, amevaa, nyumba imejaa watu, na wote wanamtazama usoni. Atafanya nini? Ninamjua mwanamke wa namna ile. Atanyamaza ili asikuaibishe. Atakushukuru. Na kutoka siku hiyo atakuwa na siri yako juu ya huzuni yake. Unataka kumfanyia hivyo mtu ambaye hukuweza hata kuliandika jina lake bila ya Bi?

Na hilo la majina tulimalize. Umelelewa vizuri, na usijutie malezi yako. Lakini kompyuta haijui mkubwa wala mdogo. Ukiiambia Babu inatafuta kitu kinachoitwa Babu, na isipokiona inakwambia hakuna, bila ya haya. Heshima yako ina watu wa kuipokea, na kompyuta si mmoja wao. Bi Nadra anasema unaweza kuliacha jina refu kama roho yako inataka, mradi ulizungushie alama za mtajo kila unapolitaja, au uandike herufi chache za mwanzo kisha ubonyeze kitufe cha Tab, na kompyuta italimalizia yenyewe pamoja na nafasi zake. Au badala ya nafasi utie kistari cha chini, jina likabaki na heshima yake na likawa neno moja. Na kabla ya kufuta chochote, kitajwe kwanza kwa amri ya kuorodhesha, hivyohivyo ulivyokiandika, uone kompyuta imeelewa nini. Ikikuonesha kitu ambacho hukukitaja, au ikalalamika hata neno moja, toa mikono kwenye kibodi. Wenzako mlangoni wasubiri. Atakayekwambia utaolewa na kompyuta, mwambie mahari yake ni subira.

Baada ya mwalimu, Makunduchi. Umeniuliza namna ya kumwambia kweli mtu anayekuamini, na ukasema hukufundishwa. Hakuna anayefundishwa, mwanangu, mimi nimejifunza nina watoto wanne. Unakaa chini, karibu naye, hukai kwenye kiti. Unamwambia, "Bibi, ile sauti niliifuta kwa makosa, na Ijumaa mbili nimekudanganya. Mwalimu anajaribu kuirudisha. Sijui kama itarudi." Halafu unanyamaza. Usijitetee kwa nafasi nne za jina. Akilia, kaa. Akikugombeza, kaa. Na akishamaliza, kama atakuruhusu, mwombe jambo moja: akueleze yeye habari ya ile harusi, na wewe umrekodi. Sauti ya mzee wako siwezi kukurudishia, lakini masikio yaliyomsikia miaka hamsini na sita yamo ndani ya nyumba ile, mazima, na hayajaulizwa. Hata mwalimu wako alikwenda kumrekodi Babu, na Bibi yako akaingia kwa kupiga kelele kutoka ndani. Safari hii akae mbele. Na vipande ishirini na saba vikirudi, vyema, atakuwa na pa kumsahihishia tena.

Mwisho, umeniomba niyaache majina ya wazee wako, na nimeyaacha. Nilifikiri sana kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu gazeti hili linafika Makunduchi, na hakuna Bi Mwatum wengi huko waliofiwa na Machano na walio edani. Wewe ni mtoto mwenye akili, hilo ulilijua ulipoandika. Nadhani ulikuwa umeshachoka kuamua, ukataka mtu akufungie mlango nyuma yako. Basi nimeufunga. Kilichobaki ni nani atamfikia kwanza, wewe au mtu atakayekuwa na gazeti mkononi.

Leo ni Ijumaa. Baada ya sala simu ya mama yako italia, na utaitwa, na utasikia, "Ipo?"

Usimwambie ipo, wala usimwambie haipo kwenye simu. Mwambie, "Nnakuja, Bibi." Kisha vaa, uende.